Ukurasa wa Kosa Usipotokea: Namna ya Kutafuta Chanzo katika Seva ya Programu

Ukurasa wa kosa ni jibu ambalo seva humpa mtumiaji pale ombi lake linaposhindikana. Kila seva ya programu huja na kurasa zake za kosa, karibu zote za Kiingereza, zilizoandikwa kwa ajili ya mafundi. Ndiyo maana mwenye mfumo hutengeneza za kwake: za Kiswahili, zenye jina la ofisi, maelezo mafupi na namba ya simu ya msaada. Kazi hiyo huchukua nusu siku. Hujaribiwa mara moja ofisini, hupendeza, kisha husahaulika. Miezi kadhaa baadaye kosa la kweli linatokea na ukurasa ule hauonekani. Mtumiaji anapata ule wa zamani wa Kiingereza, au skrini nyeupe, au anapata ukurasa mzuri wa Kiswahili unaomweleza jambo ambalo si kweli.

Katika ukanda wa dhahabu wa Shinyanga na Geita jambo hili lina gharama inayohesabika. Maombi ya leseni ndogo za uchimbaji hufanywa kwa mtandao, na ada za serikali hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile ambayo watu wamezoea kuiita kontroo namba. Nje ya mifumo ya serikali ipo mingine mingi midogo: ya vikundi vya wachimbaji, ya wenye mialo ya kuoshea dhahabu, ya kampuni za mabasi, ya vyama vya kuweka na kukopa, mingi ikiendeshwa na fundi mmoja kwenye seva ya kukodi. Mchimbaji wa Lwamgasa au Mwakitolyo mara nyingi hafungui mifumo hiyo mwenyewe. Anapanda bodaboda hadi kwenye duka la steshenari Katoro au Kahama, kijana wa pale anamjazia fomu, naye anasubiri kwenye benchi. Skrini ikiandika maneno ya Kiingereza kuhusu seva, kijana anasema, "Mtandao unasumbua, rudi kesho." Kesho ni nauli nyingine. Na huenda mtandao haukuwa na tatizo lolote.

Nani ameandika ukurasa huu?

Mfuko wa mawe ukitoka kwenye duara, yaani shimo la uchimbaji, hupita mikononi mwa wengi kabla ya kuwa dhahabu: wabebaji, mwenye karasha la kusaga mawe, mwenye mwalo, mchomaji, kisha mnunuzi. Dhahabu ikiwa pungufu, kumlaumu mwenye karasha kabla ya kujua imepotelea hatua ipi ni kupoteza siku na urafiki. Ombi la mtandaoni nalo lina wapokeaji wake. Linatoka kwenye kivinjari cha simu, linasafiri kwenye mtandao wa kampuni ya simu, linafika kwenye seva ya mbele, ambayo mara nyingi ni nginx au Apache, linakabidhiwa kwa seva ya programu kama Tomcat, linaingia ndani ya programu yenyewe, na programu inaiuliza kanzidata. Karibu kila mmoja wa hao anaweza kuandika ukurasa wake wa kosa. Msimamizi anayeanza kubadilisha mistari ya mipangilio kabla ya kujua ukurasa ulioonekana umeandikwa na nani anatibu ugonjwa asioujua.

Kwa bahati nzuri kila mwandishi ana saini yake. Ukurasa wa Tomcat una kichwa cha "HTTP Status", namba ya kosa na jina lake, na chini kabisa jina Apache Tomcat pamoja na toleo. Ule wa nginx una maneno machache katikati ya skrini, mstari, na neno nginx chini ya mstari. Programu iliyojengwa kwa Spring Boot huandika "Whitelabel Error Page". Chrome ikionyesha kidinosari chake na kusema hakuna intaneti, ukurasa huo ni wa kivinjari: simu haikuifikia seva kabisa, na hakuna mpangilio wowote wa kwenye seva utakaobadilisha kinachoonekana hapo. Kwa hiyo jambo la kwanza la kumwomba mtumiaji ni picha ya skrini nzima kwa WhatsApp, hadi chini, kwa sababu saini iko chini. Picha iliyokatwa nusu imewapotezea mafundi saa nyingi sana.

Hatua ya pili ni kuuliza mara mbili, kutoka sehemu mbili. Ndani ya seva yenyewe, amri ya curl -i ikielekezwa moja kwa moja kwenye Tomcat, kwa kawaida mlango namba 8080, huonyesha jibu kabla halijaguswa na mtu mwingine. Kisha amri hiyo hiyo inaelekezwa kwenye anwani ya nje ambayo wateja huitumia. Majibu mawili yakifanana, tatizo liko Tomcat au ndani ya programu. Yakitofautiana, seva ya mbele imebadilisha jibu njiani. Hapa kuna mtego mdogo: herufi I kubwa katika amri hiyo hutuma ombi la kichwa tu, bila mwili, na baadhi ya programu hulijibu ombi la namna hiyo tofauti na ombi la kawaida. Herufi i ndogo ndiyo salama.

Mwisho ni kumbukumbu za maombi. nginx huziandika katika access.log, ambayo kwenye Linux huwa ndani ya /var/log/nginx, na Tomcat huziandika katika mafaili yanayoanza na localhost_access_log. Ombi lenye namba 502 kwa nginx, yaani nginx imekosa jibu sahihi kutoka nyuma yake, lisiloonekana popote kwa Tomcat saa hiyo hiyo, halikufika Tomcat. Hali hii huja sana umeme unaporudi baada ya kukatika. nginx huamka kufumba na kufumbua, wakati Tomcat yenye programu kubwa huchukua dakika nzima au zaidi kuwa tayari. Katika dakika hiyo mtumiaji anaweza kupata 502, na ukurasa wa kosa uliomo ndani ya programu hauwezi kumsaidia, kwa kuwa programu yenyewe haijaamka.

Ndani ya Tomcat

Katika programu za Java, kurasa za kosa hutajwa ndani ya faili la web.xml, kwa kipengele cha error-page. Kila kipengele hueleza mambo mawili: kosa gani, na ukurasa upi. Kosa hutajwa ama kwa namba kama 404, ama kwa aina ya hitilafu ya Java. Tangu toleo la 3.0 la Servlet, kanuni ambazo programu hizi za Java hufuata, lililotoka 2009, kipengele kinaweza kuachwa bila namba wala aina, na hapo kinakuwa kimbilio la makosa yote yasiyo na ukurasa wake. Njia ya ukurasa lazima ianze na alama ya mkwaju (/). Kuusahau mkwaju huo ni kosa dogo linalozuia programu nzima isianze, na maelezo yake hupatikana mapema kabisa katika kumbukumbu za kuwasha, mahali ambapo wengi hawasomi kwa sababu macho yao yako mwishoni mwa faili.

Wapo wanaoweka kipengele hicho katika web.xml ya jumla, iliyomo kwenye folda ya conf ya Tomcat, wakidhani ukurasa mmoja utahudumia programu zote za seva. Mpangilio huo kweli hurithiwa na kila programu, ila njia ya ukurasa hutafutwa ndani ya kila programu peke yake. Programu isiyo na faili hilo haipati kitu.

Sababu inayowasumbua watengenezaji kuliko zote ni tofauti kati ya amri mbili zinazofanana: setStatus na sendError. Zote mbili huweka namba ya kosa kwenye jibu. Lakini ni sendError pekee inayoiambia Tomcat iende ikatafute ukurasa wa kosa. Mtengenezaji anayeandika setStatus(404) ametamka namba tu. Tomcat huchukulia kwamba programu imeshajipangia cha kusema, na humpa mtumiaji mwili ulioandikwa na programu, hata kama mwili huo ni mtupu. Skrini nyeupe yenye namba sahihi ndani yake karibu kila mara ina chanzo hiki. Kinyume chake pia kipo: huduma inayozungumza na programu ya simu ilitakiwa irudishe ujumbe mfupi wa data, mtengenezaji akatumia sendError, na programu ya simu ikapokea ukurasa mzima wenye nembo na rangi, ambao haiwezi kuusoma. Kila amri ina mahali pake.

Skrini inayokatika katikati ni ugonjwa mwingine. Jedwali la mizigo ya mawe linaanza vizuri, linafika mstari wa arobaini, kisha kila kitu kinakoma, hakuna ukurasa wa kosa wala maelezo. Hapa seva ilikuwa imeshaanza kutuma jibu. Ukurasa wa JSP, yaani ule unaotungwa na programu ya Java, hukusanya maandishi kwenye akiba, ambayo kwa kawaida ni kilobaiti 8, na akiba ikijaa maandishi huondoka kwenda kwa mtumiaji pamoja na namba 200 inayosema mambo ni shwari. Hitilafu ikitokea baada ya hapo, Tomcat haiwezi kurudisha kilichokwisha kutumwa. Kuongeza ukubwa wa akiba husogeza tatizo mbele tu. Dawa yenyewe ni kusoma data zote kutoka kwenye kanzidata kwanza, na kuanza kuandika ukurasa baada ya data kupatikana.

Kuna pia ukurasa wa kosa unaokosea wenyewe. Mtengenezaji huupa kichwa kile kile cha kurasa nyingine, chenye jina la mtumiaji na idadi ya taarifa zake mpya, na mambo hayo hutoka kwenye kanzidata. Siku kanzidata inapozimika, programu inashindwa, Tomcat inauita ukurasa wa kosa, ukurasa wa kosa unaiuliza kanzidata iliyozimika, nao unashindwa. Tomcat huandika katika kumbukumbu zake maneno "Exception Processing" yakifuatwa na jina la ukurasa huo, na mtumiaji huishia na ukurasa wa Kiingereza wa kiwandani. Ukurasa wa kosa unapaswa kuwa maskini: faili la HTML pekee, lisilouliza chochote popote, mtindo wake wa rangi ukiwa ndani yake humo humo.

Sababu ya kuweka mtindo ndani ni hii. Ukurasa wa kosa hauna anwani yake, huonekana chini ya anwani ambayo mtumiaji aliiomba. Ukiwa umeandikwa kwamba mtindo uko katika faili mtindo.css, na mtumiaji aliomba /malipo/risiti/77, kivinjari kitalitafuta faili hilo ndani ya /malipo/risiti/ na kulikosa. Ukurasa utatokea, ila umevuliwa nguo. Ofisini, ambako jaribio lilifanywa kwa anwani fupi, ulionekana vizuri. Wakati mwingine faili la mtindo liko mahali sahihi lakini linalindwa na kichujio cha kuingia kwa nywila, na mtu ambaye hajaingia hupelekwa kwenye ukurasa wa kuingia badala ya kupewa rangi.

Jambo moja zaidi linawahusu waliohama kutoka Tomcat 9 kwenda 10. Katika toleo la 10 majina yote yaliyoanza na javax.servlet yalibadilika kuwa jakarta.servlet, yakiwemo majina ya taarifa ambazo ukurasa wa kosa huzisoma, kama namba ya kosa na anwani iliyoombwa. Ukurasa wa zamani unaoandika "null" mahali pa namba ya kosa haujaharibika, unauliza kwa jina ambalo halipo tena.

Seva ya mbele

Fundi anaweza kupanga kila kitu vizuri ndani ya Tomcat na bado asione matunda, kwa sababu nginx ndiyo inayozungumza na mteja. Kwa kawaida nginx hupitisha kurasa za kosa za Tomcat bila kuzigusa. Ikitakiwa iziondoe na kuweka zake, kunahitajika mistari miwili: error_page, inayotaja namba na faili, na proxy_intercept_errors ikiwa on. Wengi huandika wa kwanza na kuusahau wa pili, kisha hushangaa kwamba ukurasa wao wa 502 unatokea lakini wa 404 hautokei. Jibu ni kwamba 502 huzaliwa na nginx yenyewe, wakati 404 imetoka Tomcat na haijakatizwa njiani. Aidha, mistari ya error_page iliyoandikwa ngazi ya juu hurithiwa na eneo la ndani pale tu eneo hilo lisipokuwa na mstari wake wowote wa error_page. Ukiongezwa mmoja wa 404 ndani ya eneo la malipo, ule wa 502 uliokuwa juu unaacha kufanya kazi humo.

Mpangilio unaomfaa zaidi msimamizi mdogo ni kuigawa kazi. Makosa ya 502, 503 na 504, ambayo maana yake ni kwamba Tomcat haipatikani au imechelewa, yajibiwe na nginx kwa faili moja lililokaa kwenye diski ya nginx. Mengine yaachiwe programu, kwa kuwa ndiyo inayojua mtumiaji alikuwa anafanya nini. Kabla ya kuwasha mipangilio mipya, amri ya nginx -t hukagua kama imeandikwa sawasawa.

Makosa mawili ya seva ya mbele yanastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu yanawaumiza wachimbaji moja kwa moja. La kwanza ni 413. Fomu inaomba picha ya kitambulisho, na picha iliyopigwa kwa simu ya kawaida leo huwa na megabaiti 3 au 4. Mpangilio wa client_max_body_size wa nginx, usipoguswa, huruhusu megabaiti 1. nginx hukataa ombi na kufunga mlango kabla simu haijamaliza kutuma, na vivinjari vingi hushindwa kuuonyesha ukurasa wa kosa katika hali hiyo. Vinasema tu muunganisho umekatika. Kijana wa steshenari hapo hana njia ya kujua kwamba tatizo ni ukubwa wa picha. Ukurasa wa kosa hautamsaidia hata ukiandikwa vizuri namna gani. Kinachosaidia ni kuongeza kikomo, kukiongeza pia upande wa programu, na kuandika ukubwa unaoruhusiwa kwenye fomu yenyewe, pembeni ya kitufe cha kuchagua picha.

La pili ni 504. nginx husubiri jibu la Tomcat kwa sekunde 60 isipoelekezwa vingine. Zikipita, humwambia mteja 504 na kuondoka. Tomcat haina habari na inaendelea na kazi. Sekunde ya 65 inaandika malipo kwenye kanzidata na kutoa risiti ambayo hakuna wa kuipokea. Mchimbaji ameona ukurasa wa kosa, akaamini malipo hayakupita, akalipa tena. Kwa hiyo ukurasa wa 504 usiseme kamwe kwamba ombi limeshindikana, kwa sababu nginx haijui. Na fomu ya malipo iwe na alama ya pekee inayotumwa pamoja nayo, ili ikitumwa mara mbili programu itambue kuwa ni ombi lile lile.

Kosa linalowachagua watu

Kuna kosa linalofaa kutajwa peke yake kwa sababu limo ndani ya majina ya eneo hili. Mkoa wa Geita, ulioanzishwa 2012, una wilaya ya Nyang'hwale. Wasukuma wana majina mengi ya watu na vijiji yanayoandikwa kwa ng' na ng'h. Alama ile ya ritifaa, katika lugha ya kanzidata, ndiyo inayofungua na kufunga maandishi. Programu inayojenga swali la kanzidata kwa kuunganisha vipande vya maneno itafanya kazi kwa mtu wa Chato, Bukombe na Mbogwe. Itakapofika kwa mtu wa Nyang'hwale, ritifaa italifunga jina katikati, kanzidata itakataa swali, na mtumiaji atapata 500. Mtu wa Kahama akijaribu kuiga tatizo kwa kujaza taarifa zake, haliigiki.

Dalili ya kosa la aina hii ni malalamiko yanayotoka sehemu moja huku wengine wote wakisifu. Msimamizi akiyaona, afungue kumbukumbu za programu, kwa Tomcat mara nyingi catalina.out au faili la localhost la siku hiyo, na asome ombi lililoshindikana herufi kwa herufi. Dawa ni maswali ya kanzidata yenye nafasi zilizoachwa wazi ambazo thamani hujazwa baadaye, yaani PreparedStatement kwa Java. Kuficha kosa hili kwa ukurasa mzuri ni hatari kubwa, kwani mlango uliovunjwa na ritifaa ya Nyang'hwale kwa bahati mbaya ni huo huo anaoutafuta mwizi kwa makusudi. Kila mfumo utakaotumika Kanda ya Ziwa ujaribiwe kwa jina hilo kabla ya kufunguliwa. Ritifaa pia huharibika kwenye ukurasa wa kosa wenyewe: iliyopinda, inayowekwa na programu za kuandikia, hugeuka takataka za herufi tatu ikiwa faili halijatangaza kwamba limeandikwa kwa UTF-8.

Namba, siri na maneno

Ukurasa wa kosa wenye namba 200 ni uongo ambao mtumiaji hauoni. Hutokea pale programu inapomhamishia mtu kwenye anwani ya /kosa badala ya kumjibu palepale, au pale nginx inapoandikiwa error_page 404 =200. Binadamu anasoma "Samahani" na kuelewa. Mashine haisomi maneno, inasoma namba. Mfumo wa malipo unaoleta taarifa kwamba mchimbaji ameshalipa, ukijibiwa 200, unaweza kuhesabu taarifa imepokelewa na usiilete tena. Fedha imetoka, risiti haipo, na kumbukumbu za pande zote mbili zinaonyesha mafanikio. Katika ukaguzi wowote namba ya jibu iangaliwe kabla ya maandishi yake. Jibu la kosa pia liwe na agizo la Cache-Control: no-store, ili simu isije ikaendelea kuonyesha kosa la jana wakati mfumo umeshapona.

Ukurasa wa kiwandani wa Tomcat unaweza kumwaga mlolongo mzima wa hitilafu ya Java mbele ya mtumiaji, ukiwa na majina ya mafaili, ya majedwali ya kanzidata, na wakati mwingine thamani zenyewe, kama namba ya simu au ya kitambulisho cha taifa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamfanya mwenye mfumo awajibike kwa taarifa hizo. Kwenye server.xml, ndani ya kipengele cha Host, valvu ya ErrorReportValve ikipewa showReport na showServerInfo zote false, hata ukurasa wa kiwandani unakuwa kimya. Hatua hii ni ya lazima hata pale kurasa maalumu zinapofanya kazi, kwa sababu makosa mengine huzaliwa kabla programu haijaguswa. Anwani yenye herufi zisizoruhusiwa, mathalani, hukataliwa na Tomcat kwa 400 bila web.xml ya programu kusomwa.

Kilichofichwa kwa mtumiaji lazima fundi akipate. Njia bora ni namba fupi ya kosa inayoandikwa kwenye ukurasa na kwenye kumbukumbu kwa pamoja. Iwe fupi kiasi cha kusomwa kwa simu kutoka Nyarugusu mtandao ukikatikakatika: tarakimu tupu, sita au nane, bila herufi O inayofanana na sifuri.

Maneno ya ukurasa nayo yana kazi. "Hitilafu ya ndani ya seva imetokea" ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Mchimbaji anataka kujua mambo matatu: fedha yake iko wapi, afanye nini sasa hivi, na ampigie nani. Kwa ukurasa wa malipo, maneno kama haya yanatosha: "Hatujapata uhakika kama ombi lako limekamilika. Kama simu yako imepokea ujumbe wa kukatwa fedha, usilipe tena. Subiri dakika kumi, kisha angalia hali ya malipo yako. Ukipiga simu, taja namba hii." Hakuna ahadi hapo ambayo seva haiwezi kuitimiza, na kijana wa steshenari anaweza kuyasoma kwa sauti yakaeleweka benchi zima. Picha kubwa hazina nafasi, kwani anayelipia bando asilipishwe ili aambiwe samahani.

Majaribio yafanywe kwa kuyaita makosa kwa makusudi, kwenye seva ya majaribio, moja baada ya jingine. Anwani isiyokuwepo huleta 404, tena ijaribiwe ile ndefu yenye mikwaju mingi. Kuizima Tomcat huleta 502. Kuizima kanzidata huonyesha kama ukurasa wa kosa unasimama peke yake. Picha inayozidi kikomo kilichowekwa huleta 413. Jina la Nyang'hwale lijazwe kwenye kila fomu. Majaribio haya yarudiwe kila toleo jipya la Tomcat au nginx linapowekwa, na yafanywe kwa simu ya bei nafuu yenye laini ya kawaida, nje ya intaneti ya ofisi, kwa dirisha la faragha ili kivinjari kisilete kumbukumbu za zamani. Anayefaa kuyasoma matokeo ni mtu asiye fundi. Akiusoma ukurasa na kusema "mtandao unasumbua", ukurasa huo uandikwe upya.